Maneno Kumi na Mawili ya Senge Rael

"Walioibiwa ni wale ambao hawakusoma."

Cherotich mwanangu,

Maneno hayo ni ya binamu yako Kipkirui. Aliyasema jana mchana kwenye sherehe yetu ya kukuaga, ameshika mfupa wa mbuzi kama kipaza sauti. Akasema sarafu za kidijitali hazijawahi kumkosea mtu, kwamba teknolojia yake ni salama kuliko benki yoyote, na kila anayelia leo analipia uvivu wake wa kusoma. Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka. Mimi nilinyamaza, na mama yako akaniinamia akaniuliza kama naumwa, maana tangu anioe, au nimuoe, hajawahi kuniona nikiacha upuuzi upite bila kuusimamisha.

Siumwi. Nilinyamaza kwa sababu jibu langu ni refu, lina aibu ndani yake, na aibu hiyo inakuhusu. Sasa ni saa kumi jioni, mvua inapiga mabati kama kawaida yake, na kesho alfajiri unaondoka kwenda Kigali kusomea usalama wa kompyuta. Umeniambia mara nyingi, "Baba, ukiongea unahutubia. Ukiwa na jambo, niandikie." Basi naandika.

Sitakuambia uvae sweta wala upige simu ukifika. Hayo ni ya mama yako, ambaye saa hii anabishana na sanduku lako kuhusu chupa ya mursik. Amekwisha kuifunga kwa mifuko mitatu ya plastiki na bado haamini. Nadhani maziwa hayo yatafika Kigali kabla yako.

Nirudi kwa Kipkirui. Kauli yake ni uongo, na ushahidi ninao: ni mimi. Hapa Sosiot hakuna mtu aliyesoma habari za sarafu hizi kuliko baba yako. Nilipoacha kufundisha historia nikabaki na chai yetu na ng'ombe watatu, nilikuwa na muda na hasira, na mtu mwenye vitu hivyo viwili husoma sana. Nilisoma jinsi daftari la sarafu hizo linavyotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, ukurasa mmoja ukifungwa juu ya mwingine, ili asiwepo mtu mmoja wa kulifuta au kulibadilisha. Nilielewa. Hata leo ningeweza kumfundisha Kipkirui, naye angejifunza kitu.

Na nilipoelewa, nilipenda. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya mizani ya kituo cha majani. Miaka yote nimebeba chai yangu hadi kituoni, nikasimama kwenye foleni na gunia mgongoni, na karani akaning'iniza jasho langu kwenye mizani yake, akaangalia, akapunguza kidogo "kwa ajili ya maji na gunia," akaandika. Nimegombana na makarani wanne. Mmoja alikuwa akiniona natokea kwenye kona anaanza kutafuta kofia yake. Kwa hiyo niliposoma kwamba duniani kumepatikana daftari lisilo na karani, nilihisi kama mtu ameniandikia mimi binafsi. Nilisema, hii ndiyo siku ya mkulima.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia, maana halikuingia kwenye teknolojia.

Alikuja bwana mmoja kutoka upande wa Merigi, shemeji wa mtu tunayesali naye. Hakuja na gari kubwa wala miwani ya jua. Alikuja na viatu vyenye matope kama vyetu, akanywa chai jikoni, akauliza habari za ng'ombe. Alikuwa na programu ya simu ambayo unaweka pesa, inanunua sarafu, inazifanyia biashara na kukuonyesha zinavyokua. Jina la programu hiyo silitaji, kwa sababu limebadilishwa mara nyingi na sitaki udhani ukikutana na jina jingine uko salama. Nilimwuliza maswali yangu yote ya vitabuni, naye akayajibu yote. Swali moja tu sikuuliza, kwa sababu nilijijibu mwenyewe. Nilijiuliza, pesa yangu ikikaa kwake, itakuwaje? Moyo ukajibu haraka: itakuwa kimanagan.

Unaijua kimanagan, babu yako alikusimulia. Mtu ana ng'ombe wengi, anapeleka mmoja au wawili kwa rafiki ng'ambo ya mto akae nao. Rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia boma moja, haumalizi zizi lote. Watu wetu wameishi hivyo tangu zamani, bila karatasi, bila wakili, na aliyedhulumu aliweza kukosa mke kwa ajili ya sifa yake. Hiyo ndiyo damu niliyorithi: nikimwachia mtu mali yangu, namheshimu, na yeye akiipokea, ananiheshimu. Sikuona tofauti. Nilisimama kituoni siku ya majani machache, juu ya kreti, nikawaambia watu kwamba dunia imechelewa kugundua kile Wakipsigis walikuwa nacho. Nilisema hii ni kimanagan ya simu. Nilipigiwa makofi, mwanangu, na makofi ni pombe kali kwa mtu kama mimi.

Aliyebisha alikuwa mmoja tu. Odhiambo, fundi wa boila kiwandani, jirani yetu aliyekuja hapa kutoka kando ya ziwa akiwa kijana na akazeeka nasi. Aliinua mkono taratibu.

"Mwalimu, huyo mwenye kuweka ng'ombe zetu anakaa wapi?"

Nikamwambia hahitaji kukaa mahali, hiyo ndiyo maana ya teknolojia.

"Sawa. Na ng'ombe akifa, ngozi nitaletewa na nani?"

Nikamjibu arudi kwa boila yake, mvuke umemwingia kichwani. Watu walicheka sana. Odhiambo naye alicheka, akainua mkebe wake wa chakula akaenda zamu ya mchana. Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa hadharani, na aliyeliuliza ni mtu aliyejifunza mila yetu kwa kuitazama tu kutoka nje, wakati mimi niliyezaliwa ndani yake nilikuwa nimesahau kwamba ina ngozi. Ng'ombe wa kimanagan ana rangi, ana pembe, ana alama sikioni. Unaweza kwenda Jumapili ukamwona. Akifa, rafiki yako anakuletea ngozi uone kwa macho. Mimi nilikuwa na picha ya namba kwenye kioo, inayopanda.

Mwaka huo bonasi ya chai ilipoingia, niliipeleka kule yote. Na mtamba wetu mwekundu nikamuuza, nikapeleka.

Kabla ya hapo lilitokea jambo jingine ambalo naona haya zaidi. Kijana mmoja wa serikali alikuja Sosiot kwenye mkutano, na fulana yake iliyopigwa pasi, akatueleza kwamba watu wasiweke pesa kwa wafanyabiashara wa sarafu hizi wasio na leseni, na kwamba sheria yake ilikuwa bado haijakamilika. Nilimrarua. Nilimwambia leseni ni jina lingine la kodi, na kwamba serikali haijawahi kumwona mkulima ila mfukoni. Nilizungumza vizuri sana. Yule kijana alikunja karatasi zake akaketi.

Basi siku programu ilipoacha kuniruhusu kutoa pesa, ilisema nilipe kwanza ada ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Nikalipa. Ikasema ada nyingine. Nikalipa nusu. Kundi letu la simu likafungwa, tukawa tunasoma tu bila kuweza kujibu, na asubuhi moja halikuwepo. Bwana wa Merigi naye alikuwa ameliwa, alikuwa analia kuliko sisi. Aliyemwingiza hakuwahi kumwona kwa macho. Nilikwenda kituo cha polisi. Askari alikuwa na adabu. Aliniuliza kampuni inaitwaje, ofisi iko wapi, imesajiliwa wapi, nani aliipa ruhusa. Kila swali lilikuwa lile la Odhiambo, limevaa sare. Hapo nilikumbuka ile fulana iliyopigwa pasi.

Maisha yangu yote nilitamani pasiwe na karani. Nilipopata mfumo usio na karani, nilikosa mtu wa kumfokea. Kituoni karani akikosea, unapiga kelele, anakuna kichwa, anakata, anaandika upya. Daftari lile halifutiki, na hilo ndilo walilolisifia. Lakini maana yake ni kwamba hata kosa lako halifutiki. Ukituma mahali pabaya, umetuma. Hakuna wa kuita.

Sasa sheria ipo. Anayetaka kushika sarafu za watu au kuzibadilisha lazima awe na leseni. Sijageuka kuwa msemaji wa serikali, usije ukawaambia watu. Najua leseni haimzuii mwizi. Lakini inakuonyesha mlango wa kubisha, na mimi nimewahi kuzunguka nikitafuta mlango, kwa hiyo najua bei yake.

Niliyoandika mpaka hapa Sosiot nzima inayajua. Yanayofuata anayajua mama yako peke yake.

Unakumbuka muhula wa pili wa kidato cha tatu. Ulikaa nyumbani. Nilikuambia basari imechelewa, kwamba wazembe wa ofisini wameketi juu ya faili lako, na nikaandika hata barua kali kwa gazeti kuhusu basari, na gazeti likaichapisha. Ulijivunia ile barua. Uliikata ukaibandika kwenye ukuta wa chumba chako, juu ya kitanda.

Haikuwa basari. Karo yako ilikuwa kwenye ile programu.

Wiki hizo zote ulichuma chai pamoja nasi, majani mawili na chipukizi, vidole vikawa vyeusi, na jioni ulikaa na kompyuta kuukuu ya vijana wa kanisani ukaifungua na kuifunga mpaka ukaielewa. Najua utaniambia kwamba ndiko kupenda kwako kompyuta kulikoanzia. Usiniambie. Sitaki kosa langu lipate sifa. Ulipenda kompyuta kwa sababu ya kichwa chako, na ulikaa nyumbani kwa sababu ya kichwa changu, tusichanganye.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa Odhiambo kumwomba radhi. Alikuwa anapanda sukuma nyuma ya nyumba za kiwanda. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sikujua kitu chochote. Niliuliza ngozi tu." Kisha akanipa miche. Tunaila mpaka leo.

Kwa hiyo Kipkirui amekosea, na amekosea mahali pa hatari. Mjinga huogopa kitu asichokijua, akauliza. Mimi nilikuwa nimesoma, kwa hiyo sikuuliza. Kilichonipeleka ni kitu kizuri tulichonacho, kuaminiana, nikakitumia mahali ambapo hakuna anayeonekana. Wewe kesho unakwenda kusoma kuliko sisi wote. Ndiyo sababu nakuogopea, na ndiyo sababu nimefurahi pia, maana utaona milango ambayo mimi niliipita nikiimba. Nimefurahi, Cherotich. Naandika haya yote nikiwa mtu mwenye furaha, wala usisome huzuni ambayo haipo. Chai iko sawa, mtamba mwingine amezaliwa, mtoto wangu ana nafasi aliyoipata bila kumjua mtu.

Tuje sasa kwa jambo la jana.

Baada ya keki, dada yangu Rael, senge yako, alisimama. Ulimwona. Alikuwa na risiti ya majani mkononi, na nyuma ya risiti yamo maneno kumi na mawili ya Kiingereza ambayo simu yake ilimpa siku mwanawe Weldon alipomfungulia ile pochi ya sarafu. Weldon humtumia kutoka Doha sarafu zile zinazofuata dola, kwa kuwa makato ni madogo, na senge huziacha humo zikingojea nyumba ya mawe. Aliinua karatasi juu watu waione, akasema, "Mimi mama mzee, simu naweza angusha kwa choo. Huyu ni ng'ombe wangu. Namweka kwa zizi ya Cherotich, kimanagan." Wamama wakapiga vigelegele. Ukaipokea kwa mikono miwili ukasema, "Nitamtunza, senge," ukaiweka kwenye mkoba.

Ulifanya alichofanya kila mtu mwenye adabu katika ukoo wetu. Na ni kosa langu lile lile, limerudi nyumbani likiwa limevaa nguo za sherehe.

Unajua kuliko mimi maneno yale ni nini: ndiyo ufunguo wa pochi yenyewe. Aliyeshika ng'ombe wa kimanagan hawezi kumpeleka sokoni bila mlima mzima kuona. Aliyeshika maneno yale anaweza kuhamisha kila kitu akiwa amelala kitandani Kigali, na hakuna atakayejua ni nani. Hutagusa, najua. Lakini siku moja pochi ile ikiwa tupu, kwa sababu yoyote, Weldon kabofya kiungo kibaya, au simu imeibwa Kericho mjini, senge atakaa kwenye kiti chake ahesabu walioyajua maneno yale. Weldon ni mtoto wake, hatamhesabu. Atahesabu wawili: yeye na wewe. Hutakuwa na ngozi ya kumletea. Unamjua. Ataacha tu kuja hapa Jumapili. Mimi nina dada mmoja.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, nikuombe umrudishie kesho ukipita kwake.

Mama yako ameingia sasa hivi na simu yake. Anacheka, anataka nione picha za sherehe ambazo Kipkirui ameweka kwenye kundi la familia. Kuna moja ya senge ameinua risiti, mdomo wazi, amependeza kabisa. Nimeikuza picha kwa vidole viwili kama ulivyonifundisha. Maneno manane yanasomeka. La tisa naweza kulikisia.

Kundi lile lina watu wengi kuliko ninaowafahamu, na wengine wameshaisambaza wakisifia. Mama yako amempigia senge. Amefungua pochi yake, kila kitu kiko pale pale. Hajaelewa kwa nini tunauliza. Anauliza kama umepata chakula.

Basi sikia. Mimi siwezi hii kazi. Naweza kukueleza historia ya daftari lile kuanzia mwanzo, lakini kufungua pochi mpya na kuhamisha kilichomo, vidole vyangu vitakosea nitume ng'ombe wa dada yangu asikojulikana. Wewe unaweza. Mvua imekatika, bado kuna mwanga, na kwa senge ni kushuka kwenye chai, kuvuka kijito na kupanda.

Wewe Kipkirui, najua uko jikoni na Cherotich atakusomea hii. Umesoma sana, kwa hiyo futa picha hiyo sasa, kisha mpigie kila aliyeisambaza, mmoja mmoja, uombe aifute. Usiseme haitasaidia kitu. Aibu yako itakusaidia wewe, kama yangu ilivyonisaidia.

Na wewe, Cherotich, acha sanduku. Chukua gambuti za mama yako na ile karatasi. Nenda kwa senge Rael mkafungue pochi mpya kwa mikono yake, si yako, hata akichukua saa nzima kutafuta herufi. Ahamishe kidogo kwanza, mhakikishe kimefika, kisha vyote. Karatasi ya zamani mwachie aitie motoni mwenyewe. Na simu itakapomwonyesha maneno mapya kumi na mawili, na yeye akashika kalamu, akakuita kwa upendo uje umsomee kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri, mpe miwani yake. Kisha geuka, mwanangu, utazame ukuta mpaka amalize.

Baba yako